Taabu za Kununua Kilichokwisha Kuibwa

Katika studio nyingi za chumbani, kuanzia Mbagala na Tandale hadi Kawangware na Likoni, muziki hutengenezwa ndani ya kompyuta moja inayobeba programu kuu ya kurekodia na kupangia sauti, na programu hiyo huzungukwa na programu ndogondogo ziitwazo plagini, ambazo hupachikwa ndani yake ili kufanya kazi ambazo yenyewe haizifanyi au haizifanyi vizuri. Moja hutoa sauti ya kinanda au ya zeze, nyingine humbana mwimbaji anayepaza sauti ghafla ili asipasue spika, na nyingine humpa mwangwi wa ukumbi mkubwa mtu ambaye kwa hakika amerekodiwa kati ya kabati la nguo na godoro lililoegemezwa ukutani. Utaratibu wa kupachika programu za namna hiyo ulipata msingi imara mwaka 1996, pale kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilipotoa kanuni iitwayo VST pamoja na programu yake ya Cubase, kisha ikawaachia watengenezaji wengine waitumie kanuni hiyo kuunda plagini zao. Soko likazaliwa, na kama ilivyo desturi ya masoko, pembeni yake likazaliwa soko la pili lisilotoza hata senti, ambalo ndilo lililowalea maprodyuza wengi wa Afrika Mashariki, na ambalo baadhi yao wameanza kulihama kwa taabu ambazo hakuna aliyewaonya.

Ni haki kwanza kuwasikiliza waliobaki katika soko hilo la pili, maana hesabu yao haina kasoro. Serum, plagini ya kampuni ya Xfer Records inayozalisha sauti za kielektroniki kuanzia chini kabisa, iliuzwa kwa miaka mingi kwa dola 189 za Marekani, ambazo kwa makadirio ya shilingi 2,500 za Tanzania kwa dola ni shilingi 472,500, na hiyo ni plagini moja tu, wakati wimbo mmoja unaweza kutaka kumi. Katika studio za mtaani msanii chipukizi mara nyingi hurekodi wimbo wake kwa fedha isiyofikia nusu ya hiyo, huilipa kwa mafungu, na fungu la mwisho huwa halifiki. Kwa hali hiyo prodyuza huona afadhali atumie kraki, yaani programu ambayo kufuli lake la leseni limevunjwa na watu wasiojulikana ili ifanye kazi bila malipo, na ambayo mtaani, kwa lugha iliyozoeleka tangu zama za mafuta ya taa kuchanganywa na dizeli, husemwa tu kuwa imechakachuliwa.

Kraki kwa kawaida haitafutwi, hurithiwa. Huja ndani ya diski ya nje iliyotoka kwa prodyuza mwingine, ambaye naye aliipata kwa aliyemtangulia, na ndani ya diski hiyo mna folda yenye jina kama PLAGINI ZOTE FULL, jina lisilo na ukweli wowote kwa kuwa nusu ya vilivyomo havifunguki. Kila folda ndogo huambatana na waraka mfupi wa maelekezo: zima kinga ya virusi, kata intaneti, nakili faili hili juu ya lile, fungua kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, na kamwe usikubali programu ijisasishe. Mtaalamu wa usalama wa mitandao akiusoma waraka huo atakosa usingizi, lakini mtaalamu wa elimu atafurahi, maana ndio waraka pekee ambao prodyuza huusoma neno kwa neno hadi mwisho, kwa umakini ambao mwongozo halali wa programu yoyote haujawahi kuupata.

Kilele cha shughuli ni kijiprogramu cha kuzalisha namba za leseni, ambacho vijana wa studio hukiita kijeni. Kijeni hufungua kidirisha kidogo chenye maandishi yanayotambaa kutoka kulia kwenda kushoto, kitufe kimoja cha kuzalisha namba, na muziki. Muziki huo hutengenezwa kwa mtindo wa sauti za michezo ya kompyuta za zamani, huanza papo hapo kwa kiwango cha juu kabisa, na kitufe cha kuunyamazisha, kama kipo, huwa kimefichwa mahali ambapo jicho lenye usingizi halifiki. Na kwa kuwa kraki huwekwa mnamo saa nane za usiku huku spika kubwa za studio zikiwa zimeachwa wazi, shahidi wa kwanza wa kosa hilo huwa ni mwenye nyumba. Haki itendeke hata kwa wavunja kufuli: nyimbo nyingi za kijeni zimetungwa kwa ustadi, zimepangika, na zimefika mwisho, na hiyo sifa ya kufika mwisho ni sifa ambayo biti nyingi zilizotengenezwa kwa msaada wake hazijaipata hadi leo.

Mtu asidhani kuwa tabia hii ni ya uswahilini peke yake. Mfumo wa Windows XP, uliotolewa na Microsoft mwaka 2001, ulikuwa na faili za sauti za kumtambulishia mtumiaji kicheza muziki chake, na mwaka 2004 jarida la Kijerumani la PC Welt lilieleza kuwa ndani ya faili hizo, mahali ambapo programu huacha alama ya aliyesajiliwa, pameandikwa Deepz0ne, jina la kificho la mvunja kufuli aliyefahamika kwa kraki ya programu ya sauti ya Sound Forge. Kampuni iliyokuwa ikiwahimiza walimwengu wanunue leseni ikawa imeusambaza ushahidi huo ndani ya mamilioni ya kompyuta, zikiwamo, bila shaka, zile zilizokuwa na Windows XP ya kuchakachua. Machi 2016 ikawa zamu ya Kanye West, ambaye alitundika kwenye Twitter picha ya skrini yake ili watu waone wimbo anaousikiliza, nao watu wakauacha wimbo wakatazama vichupo vya juu, ambako palisomeka The Pirate Bay, tovuti mashuhuri ya kupakulia vitu bila kulipa, pamoja na Serum ileile ya dola 189. Mwanamuziki wa Kanada, deadmau5, mwenye mkono wake katika kampuni ya Xfer Records, akamdhihaki hadharani kwa kupendekeza achangiwe fedha za kuinunua. Afrika Mashariki michango inafahamika vizuri sana, ila bado hakijasikika kikao cha mchango wa plagini chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

Wapenda maadili wangefurahi kuambiwa kuwa prodyuza huiacha kraki kwa kuguswa na dhamiri, lakini dhamiri, kwa kadiri mwandishi wa insha hii alivyoichunguza katika studio za watu, hushika nafasi ya nne, nyuma ya virusi, nyuma ya kompyuta mpya na nyuma ya mteja. Virusi ni rahisi kuvieleza: kati ya kufuli lililovunjwa na programu haramu iliyofichwa ndani yake hakuna mpaka unaoonekana kwa macho, na siku faili zote za nyimbo zinapofungwa na mtu wa mbali anayedai fidia kwa bitikoini, prodyuza hupiga hesabu na kukuta kuwa fidia hiyo ingemnunulia plagini zote anazozihitaji na chenji ikabaki. Kompyuta mpya nayo huja na mfumo mpya unaoikataa kraki ya zamani, na hakuna wa kumlalamikia, kwa sababu mvunja kufuli husika ameshakua, ameoa, ameacha mambo hayo.

Habari ya mteja inahitaji maelezo zaidi. Baadhi ya watengenezaji huzitega programu zao ili zikivunjwa zijifanye nzima kwa siku kadhaa, kisha zianze vituko, kwa mfano kutoa mvumo mfupi kila baada ya muda fulani au kuhamisha sauti nusu hatua katikati ya ubeti. Na hata toleo halali la majaribio, ambalo hutolewa bure kwa muda ili mtu aonje kabla ya kununua, mara nyingi huwekewa mvumo wa namna hiyo. Kwa sababu ambazo fizikia haijazieleza, mvumo huwa kimya prodyuza anapokuwa peke yake na hutoka msanii anapoingia. Mazungumzo yanayofuata yana sura moja karibu kila mahali. Msanii huinua kichwa na kuuliza, "Kaka, hiyo shhh inayopita kwenye kiitikio ni nini?" Prodyuza, macho yakiwa kwenye skrini, hujibu, "Hiyo ni vaibu, mdogo wangu." Msanii huomba irudiwe, husikiliza kwa makini huku amefumba macho, halafu husema, "Iache hiyohiyo, ila iongeze kidogo." Zipo nyimbo zilizopigwa redioni zikiwa na shhh hiyo, na wapo waliojaribu kuiga.

Sheria haijawahi kumtoa mtu jasho katika jambo hili, ingawa ina la kusema. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zote hulinda programu za kompyuta kwa kuziweka katika kundi la kazi za maandishi, kwa hiyo plagini ya kutetemesha sauti ya mwimbaji wa Bongo Fleva imesimama mbele ya sheria katika safu moja na riwaya za Shaaban Robert. Anayeijua kanuni hiyo kuliko wote ni prodyuza anayepiga simu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kulalamika kuwa biti yake inatumika bila idhini wala malipo, ilhali mbele yake zimefunguka kraki kumi na moja. Na mtu akimkumbusha uhusiano wa mambo hayo mawili, husema mtandao unakatakata.

Uamuzi ukishafikiwa, ununuzi hufanywa usiku, wakati bando ni rahisi, na huanza kwa fomu. Fomu hutaka jina kamili, ambalo prodyuza hulitoa kwa kusita kwa kuwa mtaani anajulikana kwa jina la studio tu. Hutaka mtaa na namba ya nyumba. Kisha hutaka postikodi. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania iliendesha operesheni kubwa ya anwani za makazi, vibao vikasimikwa na nyumba zikapewa namba, na postikodi za tarakimu tano zipo, lakini mtu anayeikumbuka ya kwake ni adimu kuliko mwenye leseni. Prodyuza huandika sanduku la posta la shule aliyosoma, fomu inalikataa. Huandika neno HAKUNA, fomu inalikataa kwa wino mwekundu. Huandika sifuri tano, na fomu, ambayo yaelekea imechoka kabla yake, inakubali.

Baada ya fomu hufuata kadi. Kwa kuwa wengi hawana kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, hutegemea kadi isiyoshikika, ambayo ni namba tu zinazotolewa na huduma ya fedha ya simu, kama ile ya M-Pesa GlobalPay ambayo Safaricom na Visa waliianzisha Kenya mwaka 2022. Ugumu wake uko katika salio: bei imeandikwa kwa dola, salio liko kwa shilingi, na katikati pamekaa kiwango cha kubadilishia fedha na makato ambayo hayajulikani mpaka yakatwe. Aliyeweka fedha kamili hukataliwa kwa upungufu wa shilingi mia nane, huvaa kandambili, huenda kwa wakala, huambiwa hakuna floti, huvuka barabara kwa wakala wa pili, na anaporudi hukuta ukurasa umepitwa na muda na fomu inaulizia tena postikodi. Namba ya uthibitisho wa malipo nayo hutumwa kwa ujumbe mfupi na huishi dakika chache tu, ilhali chumba cha studio, kwa kuwa kimezibwa kwa magodoro na trei za mayai kila upande, hakipitishi mtandao wa simu. Kwa hiyo hatua ya mwisho ya kuelekea uhalali hukamilishwa uani, mkono mmoja ukiinua simu juu na sauti ikiwasomea tarakimu waliobaki ndani, kwa nguvu za kutosha mwenye nyumba kuamka kwa mara ya pili.

Mnunuzi hudhani kuwa akishalipa amemaliza, na hapo ndipo safari inapoanza. Kraki ilimtaka azime intaneti mara moja na kuiacha. Leseni humtaka aiwashe, afungue akaunti, athibitishe barua pepe, apakue programu ya kusimamia leseni, ambayo nayo ina akaunti yake na nywila yake, kisha apakue plagini yenyewe pamoja na maktaba ya sauti yenye gigabaiti nyingi kuliko bando lote la mwezi. Kampuni nyingine hutumia iLok, mfumo wa kampuni ya PACE ya Marekani, ambao kwa umbo lake linalofahamika zaidi ni kijiufunguo cha kuchomeka kwenye tundu la USB kinachobeba leseni ndani yake, na kisipochomekwa plagini hazimtambui mwenyewe hata kwa risiti. Leseni nyingi za iLok siku hizi zinaweza kuwekwa ndani ya kompyuta yenyewe, na Steinberg, waliokuwa na ufunguo wa aina hiyo uitwao eLicenser, waliufunga kabisa mfumo huo mwezi Mei 2025. Hata hivyo kijiufunguo cha iLok bado kinauzwa, bado hupotea ndani ya makochi, na ipo huduma ya kulipia kila mwaka inayomkinga mwenyewe dhidi ya kukipoteza au kuibiwa. Hivyo mtu aliyekuwa akiiba plagini kwa miaka yote sasa anakata bima dhidi ya wizi, na anasoma masharti yake kwa hofu ya kweli. Mwenye tiketi ndiye anayepangwa foleni na kupekuliwa mifuko kwenye geti la uwanja, huku aliyeruka ukuta ameshakaa na anakula karanga.

Kinachouma zaidi ni nyimbo za zamani. Programu kuu inapofungua kazi ya mwaka juzi, huzitafuta plagini zilezile zilizotumika wakati ule, kwa majina na matoleo yaleyale, na inapokuta toleo halali jipya mahali pa kraki kuukuu, husema kuwa haioni kitu. Njia za sauti zinabaki kimya, kiitikio kilichokuwa na kinanda kinakuwa na ngoma peke yake, na prodyuza anatambua kuwa ile sauti tamu iliyompatia jina mtaani ilitoka kwenye plagini asiyojua iliitwaje, kwa sababu ndani ya diski aliyorithi mtu aliibadilisha jina ikaitwa KALI SANA 2. Hakuna duka linalouza KALI SANA 2. Suluhisho linalotumika sana ni kuitunza kompyuta ya zamani kwenye kona ya chumba, imefunikwa kwa kitenge, imekatwa intaneti milele, ili siku msanii wa zamani akirudi kudai wimbo wake ufanyiwe marekebisho ipatikane njia ya kuufungua. Na wageni wakiuliza ni nini kile, huambiwa ni mbovu.

Lipo pia suala la sikio, na hapa uchunguzi unataka utulivu. Aliyelipa dola nyingi husikia tofauti. Husema besi sasa imejaa, sauti ya mwimbaji imesogea mbele, mwangwi una hewa, na huyasema hayo kwa plagini ambayo jana aliitumia ikiwa kraki, ya toleo lilelile na yenye hesabu zilezile ndani yake, kwa maana kraki haikuwa imegusa kitu kingine zaidi ya kufuli. Mafundi wa sauti wenye uzoefu hawamcheki, kwa sababu wanafahamu jambo lililo baya zaidi: ni kawaida kwa fundi kukizungusha kwa dakika nzima kitufe cha kisawazisha sauti, yaani plagini ya kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu, akasikia kabisa wimbo unavyotengemaa, kisha akagundua kuwa kisawazisha chenyewe kilikuwa kimezimwa. Msikilizaji wa daladala, ambaye kwake spika moja ya kushoto imekufa tangu mwaka jana, hayumo katika mjadala huu.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo malipo hulibadilisha kwa kweli, nalo halimo ndani ya sauti. Mwenye kraki ana vikandamizaji arobaini, yaani plagini za kusawazisha nguvu ya sauti ili ndogo isizame na kubwa isipasue, na kila anapoanza wimbo hupitisha saa nzima akivijaribu kimoja baada ya kingine, mpaka umeme unakatika au msanii anaondoka. Aliyenunua ana kimoja. Kwa kuwa kilimgharimu, hufungua mwongozo wake, na huenda ni mara ya kwanza maishani mwake, akajifunza kitufe cha pili kutoka kushoto kina kazi gani, jambo ambalo alilikwepa kwa miaka sita kwa kukizungusha mpaka kitu kisikike. Umaskini huo wa vifaa ndio uliomsaidia, na si uhalali wake. Vijana wa singeli wa Dar es Salaam, ambao kazi zao zilikusanywa kwenye albamu ya Sounds of Sisso iliyotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, waliwashangaza wasikilizaji wa Ulaya kwa kompyuta za kawaida kabisa, na hakuna aliyewauliza mwangwi wao ulikuwa wa dola ngapi.

Jamii, kwa upande wake, haimpongezi aliyehama. Katika utamaduni ambamo diski ya nje huzunguka mtaa mzima, mtu mwenye plagini asiyotaka kuinakili kwa mwenzake huonekana mchoyo, na maelezo ya kisheria huongeza tuhuma. "Kaka, si unirushie na mimi hiyo?" huomba kijana wa studio ya jirani, fleshi ikiwa tayari mkononi. "Hii nimenunua, mdogo wangu, inakubali kompyuta mbili tu." Kijana hutafakari kidogo, kisha huuliza kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa, "Umenunua? Kwani uliikosa?" Habari husambaa kuwa prodyuza yule ana fedha, na kuanzia wiki hiyo wasanii wanaomdai viwango vya chini huongezeka, kwa hoja kwamba mtu anayelipia vitu vya bure hawezi kushindwa kumrekodi ndugu yake kwa mkopo.

Mhamaji akishazoea hupatwa na ugonjwa mwingine, nao ni wa punguzo. Bei za plagini zina tabia ya pekee: bidhaa huandikwa kuwa thamani yake ni dola 249, ikafutwa kwa mstari, na chini yake ikawekwa dola 29.99, na punguzo hilo, linalotangazwa kuwa linaisha usiku wa manane, huamka asubuhi likiwa na afya njema. Mwezi Novemba, katika siku za Black Friday, ambayo ni sikukuu ya wafanyabiashara wa Marekani iliyoenea duniani, mtu aliyeapa kununua kikandamizaji kimoja hujikuta na vinne, kila kimoja kwa hoja kwamba ameokoa dola 219, na akijumlisha alichookoa hukuta kinazidi mapato yake ya mwaka. Wengine hupendelea kukodi kwa mwezi, lakini nako kuna mshangao wake, maana anayeacha kulipa hurudi kwenye nyimbo zilizo kimya kama za mwenye kraki. Machi 2023 kampuni ya Waves ilitangaza kuacha kabisa kuuza leseni za kudumu na kubaki na za kulipia kwa kipindi, wateja wakaja juu, na baada ya siku chache tu leseni za kudumu zikarudishwa dukani. Ni mara chache kwa watu wenye vipaza sauti vizuri namna hiyo kulalamika kwa pamoja.

Ajabu ni kwamba njia rahisi ilikuwapo muda wote. Vital, plagini ya Matt Tytel iliyotoka mwaka 2020 na ambayo kazi yake inakaribiana sana na ile ya Serum, ina toleo la bure kabisa. Supermassive ya Valhalla hutoa mwangwi mpana bila malipo. Na FL Studio ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji humpa mnunuzi matoleo yote yajayo bila kulipa tena, wakati toleo lake la majaribio humruhusu mtu atengeneze wimbo mzima na kuutoa, ila akiifunga kazi yake haifunguki tena mpaka anunue. Wapo waliojaribu kuishi ndani ya sharti hilo kwa kuiacha kompyuta ikiwaka siku nzima, na umeme ukawafundisha. Programu iitwayo Reaper, inayofanya karibu kila kinachotakiwa katika studio ya chumbani, huuzwa dola 60 kwa mtu binafsi na kwa biashara ndogo, na hata siku 60 za majaribio zikipita haijifungi, bali hufungua kidirisha kinachomkumbusha mtumiaji kwa adabu kuwa hajalipa, kisha ikasubiri sekunde chache kabla ya kumruhusu aendelee. Kuna watu wanaotazamana na kidirisha hicho kila asubuhi kwa mwaka wa nne sasa, na wameizoea aibu yake.

Kwa anayetaka kuhama, basi, ni afadhali aanze na hiyo ya dola 60 pamoja na plagini za bure, amalize nyimbo zake za zamani kwenye kompyuta ya zamani kabla hajaifunika kitenge, na asinunue lolote usiku wa punguzo. Zaidi ya yote, barua pepe atakayosajilia iwe yake mwenyewe, si ya studio aliyoajiriwa wala si ile aliyofunguliwa na shemeji yake kwenye duka la intaneti, na nywila yake iandikwe daftarini, kwa sababu leseni huifuata barua pepe wala haimjui prodyuza.